Mbunge wa Mafia Anaanzia Tawini

Ukimuuliza mtu wa Kilindoni mbunge anachaguliwa lini, atakutajia Oktoba. Hajakosea, ila hilo ni nusu ya jibu. Mafia ni jimbo moja, kuanzia Bweni hadi Jibondo, na kabla jina halijafika kwenye karatasi ya kura, limeshapita kwenye kura nyingine ndani ya chama.

Kwanza sheria. Ibara ya 67 ya Katiba inataka mgombea ubunge awe mwanachama na apendekezwe na chama. Mgombea binafsi hakuna. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka suala hili Mahakama ya Afrika pale Arusha, akashinda mwaka 2013, lakini mlango umebaki ule ule: chama.

CCM wameubadilisha utaratibu wao mara kadhaa. Mwaka 2015 wanachama walipiga kura matawini. Mwaka 2020 walipiga wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo, na ndipo mtaani ukavuma ule utani wa “wajumbe si watu”. Mwaka 2025 Kamati Kuu ilichuja majina kwanza, wajumbe wakapiga kura tarehe 4 Agosti, kisha vikao vya taifa vikateua.

Sasa, zinaitwa kura za maoni, na maoni si uamuzi. Kawe mwaka 2020, Josephat Gwajima alishika nafasi ya tatu, na ndiye aliyeteuliwa. Chama kina hoja yake: anayeongoza anaweza kuwa amenunua wajumbe. Ndiyo maana hata Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inagusa hatua ya uteuzi. Lakini kadiri uamuzi unavyosogea Dodoma, ndivyo mvuvi wa Jibondo anavyobaki nyuma. Na yeye ndiye mwenye shida ya kuvuka kwenda Nyamisati, siyo mjumbe wa Kamati Kuu.

Tufanyeje basi? Wajumbe hawashuki kutoka mbinguni. Wengi wao ni viongozi waliochaguliwa kwenye mashina, matawi na kata, katika uchaguzi wa ndani wa chama. CCM walifanya wao 2022, na hufanyika kila baada ya miaka 5. Piga hesabu mwenyewe: mbunge wa 2030 ataanza kupatikana 2027, kwenye kikao cha tawi ambacho wengi wetu hata tangazo lake hatutalisoma.

Kama una kadi ya chama, chochote kile, nenda kwenye kikao hicho. Oktoba utakuta majina yameshapangwa.