Bahari Ndani ya Kioo

Ndugu na jamaa wakija kututembelea hapa Maskati, kabla hawajakaa kitako na kuletewa kahawa, macho yao huvutwa na tangi la kioo lililo pembeni mwa sebule yetu. Humo mna matumbawe yaliyo hai, konokono wa baharini, kamba mdogo mwekundu na samaki wa rangi ya machungwa mwenye mistari mieupe. Husema, "Mashaallah!" kisha huuliza bei. Bei huwatajia; lakini khabari ya taabu iliyomo ndani ya maji yale hatukupata kuisimulia kwa utulivu. Twaisimulia leo kwa kuwa twaona vijana wengi wanakitamani kitu hiki, na wauzaji hawana haja ya kuwaambia yote.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1854 mtaalamu wa Kiingereza, Philip Henry Gosse, alitoa kitabu juu ya matangi ya viumbe wa bahari, na watu wa kwao wakashikwa na shauku kubwa. Waliteremka pwani makundi kwa makundi kuokota na kung'oa, hata mwanawe Gosse, Edmund, akaja kuandika kwa majonzi jinsi vidimbwi vya miambani vilivyoachwa ukiwa. Neno hili na likumbukwe, maana tutalirudia.

Sisi tulinunua tangi letu la lita 200 mwezi wa Rajab 1443, yaani Februari 2022, kwa kumridhisha kijana wetu aliyekuwa na umri wa miaka kumi. Tukatia maji, tukatia chumvi ya kazi hiyo, gramu 35 hivi kwa kila lita, na wiki ileile tukatia samaki watatu. Siku ya tatu wote walikuwa wamekufa. Hatukujua kwamba uchafu wa samaki hutoa sumu iitwayo amonia, na kwamba wako bakteria wanaokaa juu ya mawe na mchanga ambao huigeuza sumu hiyo kuwa nitriti, nayo ni sumu pia, kisha kuwa nitrati ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao huhitaji wiki nne hata sita kuzaana wakatosha. Mwenye haraka huwalipia samaki kwa roho zao.

Kosa la pili lilikuwa la maji. Kila siku tangi lilipungua kwa mvuke, nasi tukajaza kwa maji ya chumvi, tukidhani twarudisha kilichopotea. Konokono wakaanza kujikunja. Aliyetufumbua macho si mtaalamu bali mama yetu mzazi, ambaye hakusoma kitabu hata kimoja cha samaki. Alisema, "Mwanangu, mchuzi ukichemka mno si huzidi chumvi? Wewe mwaongezea chumvi tena!" Naam, maji ndiyo yarukayo na chumvi hubaki, kinachoongezwa ni maji matamu yaliyosafishwa. Tangu siku hiyo Bibi akawa ndiye mkuu wa tangi, na baada ya sala ya Alfajiri huketi mbele yake na tasbihi yake.

Tukapata mwaka mzima wa raha. Matumbawe hudhaniwa kuwa mawe au mimea, kumbe ni wanyama. Ndani ya miili yao Mwenyezi Mungu ameweka vijimea vidogo visivyoonekana kwa jicho, ambavyo huchukua nuru na kumlisha mwenyeji wake. Naye kwa chokaa aitoayo majini hujijengea nyumba. Hatujui dasi nzuri kuliko hii kwa mtoto, na twakiri kwamba ilitufundisha na sisi wakubwa.

Ikaja Iddi Kubwa ya mwaka 1444, mwisho wa Juni 2023. Tulikwenda Sur kwa wakwe zetu siku nne. Tukiwa mlangoni tulizima viyoyozi vyote, kwa kuchukia israfu ya umeme, na tukaona tumefanya jambo la busara. Wala pampu hatukuizima, wala chakula hatukukisahau. Joto ndilo tulilolisahau.

Tuliporudi, harufu ilitupokea mlangoni. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 34, na viumbe hawa hupenda 25 hadi 27. Matumbawe yalikuwa meupe kama mifupa, kwa kuwa joto likizidi huvitoa vijimea vyake na kubaki na njaa. Msiba huohuo uliyapiga matumbawe ya Bahari ya Hindi mwaka 1998, kutoka pwani ya Kenya mpaka Shelisheli na Maldivi. Wa samaki wetu wawili, mkubwa alikuwa amekufa.

Kijana hakulia. Aliuliza tu: "Baba, sisi ni kama yule mwanamke aliyemfunga paka?"

Kila Mwislamu aijua hadithi ile ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Hatukuwa na jibu. Jioni tulimchukua kijana kwa sheikh wa msikiti wetu. Naye alimkumbusha Abu Umayr, nduguye Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea, na Mtume (S.A.W.) hakumkataza, bali akimuuliza khabari zake kwa upole. Wanavyuoni wakatoa humo ruhusa ya kufuga, kwa sharti ya kumtimizia mnyama haki yake. Kisha sheikh akatugeukia sisi, si mtoto: "Mkisafiri tena, ufunguo mtamwachia nani?"

Mama watoto alitaka tangi liuzwe, na hoja zake zilikuwa na nguvu, maana hesabu ya taa, chumvi na umeme si ndogo, na nyumba ina haja nyingine. Tulishauriana siku mbili. Mwisho tulikubaliana libaki, ila tusinunue tena samaki wa kuvuliwa wala tumbawe la kung'olewa baharini, bali wale wanaozalishwa matangini na vipande vilivyooteshwa humo. Matumbawe ya mawe hayavuki mipaka ya nchi bila ya hati kwa mapatano ya kimataifa, na visiwa vya Daymaniyat, karibu na mji wetu, vimehifadhiwa tangu 1996. Hatutaki kuwa kama watu wa zama za Gosse.

Wenye watoto wadogo wajue na hili: yako baadhi ya matumbawe laini yenye sumu kali mno. Jiwe lililotoka tangini lisichemshwe wala kusuguliwa kwa maji ya moto, maana mvuke wake waweza kumlaza mtu hospitali. Mikono na ioshwe. Na dawa ya kupulizia mbu isitumiwe chumbani humo, kwani huua kamba na kaa upesi.

Samaki aliyebaki ni wa jinsi ya ajabu: wote huzaliwa madume, na jike akifa dume lake hugeuka kuwa jike. Wetu amekua sana tangu wakati ule. Vipande viwili vya matumbawe vilirudi rangi baada ya miezi mitatu, vingine vilikufa. Ufunguo anao jirani yetu, na kiyoyozi cha sebule kimebandikwa karatasi yenye mwandiko wa kijana wetu: "Kisizimwe. Humu mna wageni."