Kabla ya Kugombea Mpaka, Hama Upande

Katika miteremko ya Kilimanjaro, vihamba, yaani mashamba ya familia ya Wachaga, hutenganishwa kwa masale, mmea wa majani marefu unaobaki kijani mwaka mzima. Majani ya mmea huohuo hupelekewa mtu aliyekosewa anapoombwa msamaha, na mila humtaka alainike na kusikiliza. Wazee walijua kwamba penye mpaka patatokea ugomvi, na kwamba ugomvi huo hautamalizwa kwa kamba ya kupimia peke yake. Utafiti wa saikolojia unawaunga mkono: sehemu kubwa ya mgogoro wa mali imo katika namna akili inavyokipima kitu inachokiita changu.

Mwaka 1990, Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio yaliyokuja kupata sifa kubwa. Baadhi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walipewa vikombe, kisha wakaulizwa wangeviuza kwa bei gani. Wenzao wasio na vikombe waliulizwa wangenunua kwa kiasi gani. Wauzaji walitaka zaidi ya mara mbili ya bei waliyokuwa tayari kulipa wanunuzi, ingawa vikombe vilikuwa vyao kwa muda mfupi tu. Kiini chake ni jambo ambalo Kahneman na Amos Tversky walikuwa wamelieleza mwaka 1979: uchungu wa kupoteza huzidi furaha ya kupata kitu kilekile.

Ikiwa kikombe cha dakika chache kinashikiliwa hivyo, shamba alikozikwa babu je? Majirani wawili wanaogombea hatua tatu za mpaka wote huzihesabu kuwa zao tayari. Kila mmoja anaona amemegewa shamba, na hakuna anayejiona kuwa ndiye aliyemega.

Tatizo la pili ni ushahidi. Linda Babcock, George Loewenstein na wenzao waliwapa watu majalada ya kesi ya ajali ya pikipiki huko Texas, ambayo mdai alitaka dola 100,000. Wote walisoma maelezo yaleyale. Hata hivyo, waliopewa nafasi ya mdai walikisia kwamba hakimu angetoa fidia kubwa kuliko walivyokisia waliopewa nafasi ya mdaiwa. Waliosoma kabla ya kujua watasimama upande gani walipatana kwa urahisi zaidi. Katika majaribio mengine ya watafiti hao, kuwaeleza watu kwamba akili zao zina upendeleo hakukusaidia. Kilichosaidia ni kuwataka waorodheshe udhaifu wa hoja zao wenyewe.

Mbinu nyingine ni kujitazama kwa mbali. Mwaka 2014, Igor Grossmann na Ethan Kross walionyesha kwamba watu hufikiri kwa busara zaidi juu ya tatizo la rafiki kuliko la kwao, na kwamba pengo hilo hutoweka mtu anapolitazama lake kama mtu wa nje. Mwaka uliotangulia, Eli Finkel na wenzake waliripoti utafiti wa jozi 120 za wanandoa. Baadhi yao waliombwa kuandika juu ya ugomvi wao kama ambavyo angeuona mtu asiye na upande, anayewatakia wote mema. Jumla ya muda wa kuandika ilikuwa dakika 21 kwa mwaka, na ndoa zao ziliacha kudorora.

Lakini kukisia moyo wa mwenzako hakutoshi. Tal Eyal, Mary Steffel na Nicholas Epley walifanya majaribio 25, wakayachapisha mwaka 2018, na wakaona kwamba kujiweka katika nafasi ya mwingine kwa kuwaza tu hakumfanyi mtu amjue vizuri zaidi. Kumuuliza na kumsikiliza ndiko kulikosaidia.

Haya yanafanyika hata chini ya mwembe. Andika mambo matatu yanayodhoofisha dai lako. Simulia mgogoro kwa kujitaja kwa jina, kana kwamba unamsimulia mtu mwingine. Kisha mwendee jirani umuulize anaogopa kupoteza nini. Pengine anachotaka ni njia ya kupitisha ng'ombe, nawe unatetea mistari miwili ya migomba, na vyote viwili vinawezekana.

Mkikwama, nchini Tanzania Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, ambalo kazi yake ni kusuluhisha.

Utulivu huu usigeuzwe silaha ya kumnyamazisha mnyonge. Mjane anayefukuzwa nyumbani na shemeji zake hana deni la kuwaelewa kwanza; anahitaji kulindwa na sheria, na mapema. Ila pale majirani wawili wanapokuwa na hoja za kweli kila upande, kesi ndefu itakula mavuno ya wote, na ikiisha bado watachota maji kwenye mfereji mmoja. Anayefika barazani akijua udhaifu wa dai lake, na akiwa ameshamsikia mwenzake, anawapa wasuluhishi mgogoro unaosuluhishika.