Wino wa Kuandikia Anwani

(Muziki wa kipindi. Unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo tunaye mama mmoja ambaye barua yake imemrudia.

MAMA: Nilimwandikia kaka yangu aliyehamishiwa Marekani. Mjukuu wangu akaandika anwani kwa wino mwekundu, ikapendeza kweli. Sasa tazama, mwanangu, wino umetapakaa kote.

MTANGAZAJI: Pole sana, mama. Alitumia kalamu gani?

MAMA: Ile ya jeli, inayoteleza.

MTANGAZAJI: Ndiyo hiyo. Wino wa jeli una maji ndani yake, kwa hiyo tone la mvua au jasho la mkono likiugusa, mara nyingi hutapakaa. Wino wa biki ya kawaida ni wa mafuta, unastahimili maji zaidi. Maka peni isiyofutika nayo ni nzuri, ila kwenye karatasi nyembamba hupenya hadi upande wa pili.

MAMA: Na rangi?

MTANGAZAJI: Nyeusi, au bluu iliyokoza. Marekani barua hupangwa na mashine zenye kamera, na kamera hutafuta maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe. Wino mwekundu juu ya bahasha ya kaki hata sisi wenye macho hutusumbua jioni! Mashine ikishindwa, mtu ndiye husoma. Naye akishindwa, barua haina pa kwenda. Kwa hiyo andika anwani hiyo hiyo tena ndani, juu ya barua yenyewe.

MAMA: Na mama yetu aliyebaki nyumbani? Kule hakuna posta. Huwa namtumia ujumbe wa Msalaba Mwekundu.

MTANGAZAJI: Huko ndiko wino una kazi zaidi. Karatasi ile haifungwi, hubeba habari za familia tu, na hupita mikono mingi hadi kwa mhusika. Ikitolewa kopi njiani, penseli na bluu hafifu zinaweza zisionekane kabisa. Na kwa kuwa kijijini hakuna namba ya nyumba, anwani yake ni maneno: jina lake kamili, la baba yake, kijiji, kanisa au msikiti wa karibu, jina alilozoeleka nalo. Neno moja likifutika, anayemtafuta atabisha mlango wa mwingine.

MAMA: Basi niazime biki yako, mwanangu. Nianze na mama.

(Muziki.)