Wanawake na daftari nyikani: tuandike kabla majina hayajapotea

Mtu akisikia kuwa wanawake kumi wamekwenda nyikani siku nne, na si pikniki wala harusi bali kukaa kimya na kuandika, swali la kwanza majumbani kwetu ni, "Wamekwenda na nani?" La pili, "Na watoto wamemwachia nani?" Maswali hayo yana haki yake. Lakini lipo la tatu ambalo ni nadra kuulizwa: wamerudi na nini?

Marekani na Uingereza safari za namna hii si jambo geni. Asubuhi wanatembea, mchana kila mmoja anakaa peke yake na daftari lake, jioni wanasomeana. Simu zinawekwa mbali. Miongoni mwa mahali panapojulikana ni Hedgebrook, kwenye kisiwa cha Whidbey, jimbo la Washington, palipofunguliwa mwaka 1988 kwa ajili ya waandishi wanawake. Pana nyumba ndogo sita za mbao kati ya miti, kila moja mwandishi mmoja, na waliochaguliwa hawalipi malazi wala chakula. Si lazima waandike habari za msitu, lakini huo msitu ndio unaowapa utulivu. Aliyewahi kulea watoto hahitaji kuelezwa faida ya kukaa siku nzima bila kuitwa.

Kuna wanaoandika nyika yenyewe. Nan Shepherd alikuwa mwalimu wa walimu mjini Aberdeen, Scotland. Maisha yake yote alipanda milima ya Cairngorm, na aliitazama taratibu, maji yake, mawe yake na maua yake, bila haraka ya kufika kileleni. Kitabu chake, The Living Mountain, alikiandika miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Pili, kikakaa takriban miaka thelathini mpaka kikachapishwa 1977. Alifariki 1981. Mwaka 2016 picha yake ikatiwa kwenye noti ya pauni tano ya Scotland. Mwalimu mwenzangu huyo!

Sasa wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Basi tumkumbuke Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa 1844 Beit el Mtoni, Unguja. Zama zake mtoto wa kike alifundishwa kusoma, kuandika hapana. Yeye akajifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kumbukumbu zake zilitoka 1886 kwa Kijerumani, na humo tunaiona Mtoni ya utoto wake, bustani, tausi na swala uani. Jumba limebaki magofu. Tunaijua hali yake ya zamani kwa sababu mwanamke mmoja aliiandika.

Na hapa Oman, Jokha Alharthi alipata tuzo ya kimataifa ya Booker mwaka 2019. Riwaya yake nyingine inaitwa Narinjah, yaani mdanzi, na ndani yake msichana wa Kiomani anayesoma Uingereza anamkumbuka mwanamke aliyekuwa kama bibi yake.

Wangapi miongoni mwetu wana bibi kama huyo, aliyejua miti ya pande mbili za bahari? Ukimwonyesha mjukuu wako wa Muscat mti wa sidr, atakwambia sidr. Hajui kuwa ndio ndugu wa mkunazi wetu, ambao majani yake tunaoshea maiti huku na kule. Rumman anaila, komamanga hajalisikia. Lubani ananusa kila Ijumaa, ukimtajia ubani anakutazama. Majina haya hayamo katika vitabu vyake vya shule. Yamo katika vichwa vya mama zetu, na mama zetu wanaondoka mmoja mmoja.

Ndiyo maana nasema safari hii inatufaa sisi. Jebel Akhdar haiko mbali na Muscat. Uwanda wa Saiq uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na mwezi wa Aprili mawaridi yamechanua na watu wanapika marashi. Ukipitia Birkat al Mouz lazima uwe na gari linalovuta magurudumu yote manne, polisi hukagua. Msimu wa baridi chukueni mablanketi. Msipige hema ndani ya wadi, mvua ya mbali huleta mafuriko ya ghafla. Mama mtu mzima aende nanyi, si kwa ulinzi tu, bali yeye ndiye kitabu.

Na mkiandika, andikeni mnachokiona. Nimesahihisha insha nyingi za safari zilizoanza na gari na kumalizikia kwenye biriani, mlima wenyewe haumo! Chagua mti mmoja. Andika tarehe, mahali, harufu, nani aliutumia na kwa dawa gani, na majina yote mawili. Ukurasa mmoja unatosha.

Ukirudi, msomee mama yako, hata kwa simu. Atakukatiza, atakusahihisha jina, atakumbuka na jingine. Weka kalamu karibu.