Jozi ya Kaka na Dada

Katika michezo mingi ya dunia wanaume hucheza peke yao na wanawake peke yao. Walakini iko michezo ambayo mwanamume mmoja na mwanamke mmoja husimama upande mmoja wa wavu, wakawakabili wenzao wawili walio mfano wao. Pointi ikipatikana ni ya wote wawili, na ikipotea hasara ni ya wote wawili. Michezo hiyo huitwa ya jozi mchanganyiko. Wazazi wengi wakiiona katika televisheni huipitisha tu, wakidhani kuwa si jambo linalohusu nyumba ya Mwislamu. Sisi twaona kuwa lahusu, na twaandika haya tukizifikiria khasa nyumba zilizo mbali na miji mikubwa, kama zile za Kerende.

Kerende ni kijiji cha wilaya ya Tarime, mkoani Mara, katika sehemu ya Nyamongo, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza kazi mwaka 2002. Ng'ambo ya Mto Mara ni wilaya ya Serengeti. Wenyeji ni Wakurya, watu wa ng'ombe na wa mashamba, na Waislamu kati yao ni wachache. Basi katika mahali kama hapo, kijana wa kiume akimaliza kazi za nyumbani huenda kiwanjani kucheza mpira, wala haulizwi neno. Dada yake akitaka kucheza huulizwa mambo matatu: atacheza wapi, atacheza na nani, na atavaa nini. Maswali hayo si mabaya. Mzazi mwema hana budi kuyauliza. Ubaya ni kwamba aghlabu yakiisha kuulizwa hayajibiwi, na msichana hurudi jikoni.

*Kaka na dada ni jozi tangu zamani*

Kwa desturi ya Wakurya, ng'ombe wanaotolewa mahari ya msichana ndio mara nyingi wanaomwozea ndugu yake wa kiume. Kwa hiyo kaka na dada wa nyumba moja wamefungamana tangu utotoni: huyu hawezi kuoa mpaka yule aolewe. Hiyo nayo ni jozi, bali ni jozi ambayo mmoja huvuka na mwingine ndiye daraja. Uislamu umefundisha kuwa mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, si ya baba wala ya kaka; na kila nyumba ya Kiislamu katika nchi hiyo huona jinsi ilivyo vigumu kusimama juu ya mafundisho hayo mbele ya desturi.

Tena mkoa wa Mara ni miongoni mwa mikoa ambayo ukeketaji wa wasichana haujakoma, ijapokuwa sheria ya mwaka 1998 imeukataza kwa kila msichana aliye chini ya miaka 18. Msichana anapotishwa na jambo hilo, mtu wa kwanza anayeweza kusema "hapana" ndani ya nyumba, baada ya wazazi, ni kaka yake. Je, kaka atasema? Atasema ikiwa amezoea kumwona dada yake kuwa ni mwenzi wake. Hatusemi kwamba mchezo peke yake utamfundisha hayo. Twasema kwamba mazoea ya kushinda pamoja na kushindwa pamoja ni chuo, na kwamba chuo hicho hakina ada.

*Mfano tulioachiwa*

Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, katika mkusanyo wa Abu Daud, kwamba alikuwa safarini pamoja na Mtume, rehema na amani zimshukie, wakashindana mbio kwa miguu, na Bibi Aisha akamshinda. Baadaye, alipokuwa amenenepa, walishindana tena, na mara hiyo Mtume akamshinda, akamwambia kwa mzaha kuwa ushindi huo ni malipo ya ule wa kwanza. Katika baadhi ya mapokezi imetajwa kuwa aliwaamuru watu watangulie mbele kwanza, kisha ndipo wakakimbia.

Tuyaangalie mambo yaliyomo humo. Mume na mke wamecheza pamoja. Sitara imetunzwa kwa kuwatanguliza watu. Mke alipewa nafasi ya kushinda kweli, naye akashinda kweli. Wala Mtume hakuona haya kushindwa. Hapo yamejibiwa yale maswali matatu tuliyoyataja: mahali pana sitara, mwenzi ni maharimu au mume, na mavazi ni ya heshima. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya mashindano ya wanaume na wanawake walio ajinabi, na wengi hawayapendi. Lakini kaka na dada, baba na binti, mume na mke, hao ni watu wa nyumba moja, na jozi yao haina mgogoro huo.

*Jozi za nyumba moja zilizojulikana duniani*

Labda msomaji atasema kwamba mchezo wa ndugu ni wa watoto tu. Sivyo. Katika mashindano ya tenisi ya Wimbledon, Uingereza, ambayo mchezo wa jozi mchanganyiko huchezwa tangu mwaka 1913, Leslie Godfree na mkewe Kitty walitwaa ubingwa mwaka 1926, na mpaka leo hakuna mume na mke wengine waliofanya hivyo. Mwaka 1980 John Austin na dada yake Tracy, Wamarekani, walikuwa ndugu wa kwanza wa tumbo moja kuupata ubingwa huo.

Afrika nayo ina jozi yake. Wayne Black na dada yake Cara ni wa Zimbabwe. Baba yao, Don Black, alikuwa mchezaji wa tenisi, akawafundisha watoto wake mwenyewe katika viwanja vya majani alivyovitengeneza nyumbani. Mwaka 2002 kaka na dada hao waliutwaa ubingwa wa Ufaransa, na mwaka 2004 wakautwaa wa Wimbledon. Msingi wa ushindi huo uliwekwa uani kwa baba yao.

Katika mpira wa vinyoya, mchezo wa jozi mchanganyiko uliingizwa katika Olimpiki mwaka 1996. Mwaka 2016 huko Rio de Janeiro, Tontowi Ahmad na Liliyana Natsir wa Indonesia waliwashinda Wamalaysia katika mchezo wa mwisho, tarehe 17 Agosti, ambayo ndiyo siku ya uhuru wa nchi yao. Na katika mpira wa meza, Wajapani Jun Mizutani na Mima Ito, wote wa mji mmoja wa Iwata, walipata dhahabu huko Tokyo mwaka 2021. Wakati huo yeye alikuwa na miaka 32, mwenziwe alikuwa na 20. Kabla ya kufika fainali walikutana na Wajerumani, na katika seti ya mwisho walikuwa nyuma kwa 2 dhidi ya 9. Hawakulaumiana. Walirudi pole pole, pointi kwa pointi, wakashinda kwa 16 dhidi ya 14.

*Mbio zetu za Afrika Mashariki*

Karibu na kwetu liko jambo kubwa zaidi. Tarehe 26 Machi 2017, katika uwanja wa Kololo mjini Kampala, zilikimbiwa kwa mara ya kwanza mbio za nyika za kupokezana za mchanganyiko katika mashindano ya dunia: wanaume wawili na wanawake wawili kwa kila nchi, kila mmoja kilomita 2. Kenya ilishinda kwa wakimbiaji Asbel Kiprop, Winfred Mbithe, Bernard Koros na Beatrice Chepkoech, na Ethiopia ikawa ya pili. Mwaka 2019 Ethiopia ilishinda, na miaka ya 2023 na 2024 ushindi ukarudi Kenya.

Uwanjani nako, mbio za mita 400 mara nne za mchanganyiko zilianza katika mashindano ya dunia mwaka 2019 huko Doha, Qatar. Wakati huo kila nchi iliruhusiwa kupanga watu wake ipendavyo. Poland iliwatanguliza wanaume wake wawili, nchi nyingine zikabakiza mwanamume wa mwisho. Basi Poland ikaongoza kwa masafa marefu, na watu wakadhani imeshinda. Lakini mwisho wanaume wa nchi nyingine wakawafikia na kuwapita wanawake wake, ikamaliza ya tano. Marekani ilishinda, Jamaika ikawa ya pili, na Bahrain ya tatu. Tangu mwaka 2022 kanuni imeweka mpango mmoja kwa wote: mwanamume, mwanamke, mwanamume, mwanamke.

Katika habari hiyo limo funzo. Nyumba inayowatanguliza wavulana wote, ikawaacha wasichana mwisho bila msaada, huonekana mwanzoni kuwa inakwenda mbio, lakini haifiki mbele. Na Tanzania imejionea nguvu ya mabinti zake: timu ya Serengeti Girls, yenye jina la nchi hiyo hiyo iliyo ng'ambo ya Mto Mara, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana wasiozidi miaka 17 huko India mwaka 2022.

*Mchezo huu wataka nini*

Watu husema kuwa katika jozi mchanganyiko kazi ya mwanamke ni kusimama tu, na mwanamume ndiye achezaye. Hayo ni maneno ya asiyeujua mchezo. Katika mpira wa vinyoya mwanamke mara nyingi hukaa mbele karibu na wavu, kwa kuwa hapo panatakiwa jicho jepesi na mkono mwepesi, na mwanamume hukaa nyuma apige kwa nguvu. Wa mbele asipouzuia mpira, nguvu za wa nyuma hazina kazi. Na kaka anayemvamia dada yake ili apige kila mpira huacha uwazi mkubwa nyuma yake, na adui huingiza pointi papo hapo. Ubinafsi katika mchezo huu hulipwa pale pale, mbele ya macho ya watu.

Wala gharama si kubwa. Miti miwili na kamba katika ua uliofagiwa hutosha kuwa wavu. Mbio za kupokezana zataka kijiti tu. Na siku za mvua, bao na drafti huchezwa barazani, wawili kwa wawili, wakishauriana.

Juu ya mavazi, vizuizi vingi vimeondoka. Shirikisho la dunia la mpira wa vinyoya lilitaka mwaka 2011 kuwalazimisha wanawake kuvaa sketi, likaliacha shauri hilo mwaka 2012. Shirikisho la kandanda liliruhusu kilemba na mtandio mwaka 2014, na la mpira wa kikapu mwaka 2017. Msichana anayejisitiri hana tena sababu ya kudhani kuwa michezo si yake.

*Kwa wazazi na vijana*

Twawashauri basi wazee wa Kerende na wa kila mahali palipo mfano wake mambo machache. Kwanza, jozi iwe ya maharimu: kaka na dada, baba na binti, mume na mke. Pili, kazi za nyumbani zigawanywe kabla ya mchezo, kwa kuwa dada hawezi kucheza saa kumi ikiwa maji na kuni vyamngoja yeye peke yake. Kaka na ashike ndoo, huo ndio mwanzo wa jozi. Tatu, mchezo usimame adhana ikisikika. Nne, pasiwe na kamari hata ya senti moja, kwani mahali palipo na fedha za dhahabu, kamari haiko mbali. Tano, atakayemkejeli mwenziwe kwa kukosa mpira na atoke nje ya uwanja, awe wa kiume au wa kike.

Nanyi vijana wa kiume, dada zenu hawakuzaliwa ili wawe ng'ombe wa harusi zenu. Siku mtakapokuwa wazee, mahari yatakuwa yameliwa na ng'ombe wamekwisha kufa, lakini dada atakuwapo. Mtakuwa mmemzoea kwa jina gani: deni, au mwenzi? Jibu la swali hilo huanza kufanywa sasa, jioni baada ya Alasiri, katika ua wa nyumba yenu. Fagieni ua, fungeni kamba, mkamwite.