MATANGAZO YA MTANDAO KWA MWENYE FEDHA CHACHE

Wenye nyumba ndogo za kulaza wageni, watembezaji watalii na vikundi vya ushirika vya Unguja na Pemba wengi wao sasa wanafahamu kwamba mgeni wa ng'ambo, kabla ya kukata tiketi yake, huandika kwanza haja yake katika mtambo wa kutafutia wa Google. Lisilofahamika vyema ni namna nafasi za juu katika kurasa zile zinavyouzwa, na kwa sababu hiyo wako wanaoweza kutoa fedha mwezi mzima wasipate hata mgeni mmoja. Maelezo haya yanakusudiwa wananchi hao, pamoja na maafisa wa biashara na wa ushirika wanaowashauri.

Biashara ya kuuza nafasi hizo kwa mnada ilianza Marekani mwaka 1998 kwa kampuni ya GoTo.com. Google iliingia Oktoba, 2000, na kuanzia mwaka 2002 ikafuata utaratibu wa kumtoza mtangazaji pale tu mtu anapobofya tangazo lake. Huduma hiyo, iliyokuwa ikiitwa AdWords, tangu mwaka 2018 huitwa Google Ads.

Kila mara mtu anapotafuta jambo, mnada hufanyika upya. Anayeshinda si lazima awe aliyetaja bei kubwa, kwani mtambo huzingatia pia kama tangazo linalingana na jambo lililotafutwa, na kama ukurasa utakaofunguka utamfaa msomaji. Aidha, mshindi hutozwa kiasi kinachotosha kumpita aliye chini yake, ambacho aghalabu ni pungufu ya bei aliyotaja. Hapa ndipo ilipo nafasi ya mnyonge: hoteli kubwa yenye ukurasa wa maelezo ya jumla yaweza kulipa zaidi kwa kila mbofyo kuliko nyumba ya vyumba 6 ya Jambiani ambayo tangazo lake na ukurasa wake vinajibu lilelile aliloliuliza mgeni.

Hata hivyo mnyonge huyo hana fedha za kumwaga, ilhali akaunti mpya hufunguliwa ikiwa imepangwa kwa upana mkubwa. Tangazo lililokusudiwa wanaotafuta huweza kupelekwa pia katika tovuti na programu nyingine zinazoshirikiana na Google, ambako watu hubofya bila ya haja yoyote, pengine kidole kimeteleza tu. Visanduku vinavyoruhusu jambo hilo huwa vimeshatiwa alama, na mwenye fedha chache yampasa aiondoe alama hiyo kabla ya kuanza.

Kadhalika mahali. Mpangilio wa awali hauhesabu tu watu waliopo mahali palipochaguliwa, bali pia wale walioonyesha kupendezwa napo. Mtembezaji wa mashamba ya viungo anayetaka wageni wa leo au kesho akichagua Zanzibar bila ya kubadilisha mpangilio huo, atamlipia hata mtu aliyeko Delhi anayetazama picha za Mji Mkongwe. Yeye achague waliopo tu. Mwenye nyumba ya wageni ana hali tofauti: mteja wake bado yuko kwao, kwa hivyo achague nchi anakotoka mgeni, na kwa bajeti ndogo nchi moja ni bora kuliko sita. Akichagua Italia, tangazo liwe kwa Kitaliana na ukurasa vilevile. Kumwita mtu kwa lugha yake kisha kumpokea kwa nyingine ni kulipia mbofyo wa bure.

Maneno ya kutafutia ndiyo yanayokula fedha nyingi zaidi. Neno likiandikwa bila ya alama yoyote, mtambo hulichukua kwa maana pana. Likitiwa katika alama za mtajo hubanwa kiasi, na likitiwa katika mabano ya mraba hubanwa zaidi, ingawa tangu mwaka 2018 hata neno la mabano hukubaliwa pamoja na mengine yenye maana ileile. Anayeanza aridhike na maneno machache yaliyobanwa, yanayotaja kijiji na aina ya malazi, na aliache neno "Zanzibar" peke yake, kwani wanaolitafuta ni pamoja na wanafunzi, waandishi na watazamao ramani.

Sambamba na hayo iwepo orodha ya maneno yaliyokataliwa: kazi, picha, ramani, hali ya hewa, bure, na majina ya vijiji ambako mtangazaji hana nyumba. Maneno hayo yaandikwe kwa lugha anayotafutia mgeni, kwa umoja na kwa wingi, kwa sababu katika kukataa mtambo haumaizi kwamba hilo na lile ni jambo moja. Taarifa ya maneno yaliyotafutwa isomwe kila wiki na orodha iongezwe. Ni kazi ya nusu saa, nayo huokoa fedha kuliko ujanja wowote wa kupandisha na kushusha bei.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mwenye nyumba ametenga Sh. 300,000 kwa mwezi. Akiweka kikomo cha Sh. 10,000 kwa siku, asishtuke akikuta siku moja zimekwenda 20,000, kwani mtambo unaruhusiwa kufikia mara mbili ya kikomo. Kwa mwezi hauvuki siku 30.4, yaani Sh. 304,000. Mbofyo ukigharimu Sh. 500, atapata kama 600. Mmoja katika kila 100 akiweka nafasi, ni wageni 6, na kila mmoja amemgharimu takriban Sh. 50,000. Iwapo faida yake kwa mgeni, baada ya chakula, dobi na mishahara, ni Sh. 40,000, basi kadiri anavyotangaza ndivyo anavyopata khasara, hata vyumba vikijaa. Hesabu hii haiwezekani bila ya kuandika kila mgeni alikotoka. Daftari la mapokezi lenye safu moja ya ziada latosha kwa kuanzia.

Jina la nyumba yenyewe lisisahauliwe. Mawakala wa kuuza vyumba hutangaza kwa kutumia majina ya nyumba za watu, kisha humtoza mwenye nyumba kamisheni kwa mgeni aliyekuwa akimtafuta yeye. Mwenye jina akijitangaza, kwa kawaida hulipa bei ndogo, kwa kuwa hakuna tangazo linalolingana na jina hilo kuliko lake.

Anayechelewa siku mbili kujibu ujumbe wa wageni asianze bado. Kwanza aandikishe biashara yake katika ramani ya Google, huduma isiyo na malipo, na anwani na nambari ya simu ziwe sahihi. Wakati wa masika tangazo laweza kusimamishwa bila ya kufutwa. Orodha ya maneno hubaki, na hurejeshwa wageni wa Juni wanapoanza kutafuta, ambao ni miezi kadhaa kabla ya Juni yenyewe.