Mkate wa Mezani Si wa Bure: Siku Sita za Kula na Kutembea Lisbon

Mhudumu alikuja na kikapu cha mkate, siagi, sahani ya zeituni na jibini ndogo ya mviringo, akaviweka mezani kabla hata hatujafungua menyu. Tulikuwa watu sita: Mama, Baba, kaka yetu mkubwa na mkewe, binti yao wa miaka 7, na mwandishi wenu. Ndiyo kwanza tumefika Lisbon, mji mkuu wa Ureno, na safari ya ndege mbili ilikuwa imetuacha na njaa ya kweli.

"Mnaona ukarimu wa watu hawa?" Mama akasema, akamega mkate. Sote tukamfuata.

Bili ilipokuja ilisoma euro 104. Ule "ukarimu" peke yake ulikuwa euro 22. Kaka akatoa kadi, mashine ikamwuliza kama angependa kulipa kwa euro au kwa shilingi za Kenya. Akabonyeza shilingi, kwa sababu ndiyo pesa anayoijua. Zikaenda shilingi 16,850.

Mama alizitazama zile tarakimu kwenye risiti, akanyamaza. Tulipotoka nje akasema polepole, "Hizi ni karo ya mtoto wa mtu." Jioni hiyo alidai hana njaa. Asubuhi yake pia, hana njaa. Hapo ndipo tulipojua tuna tatizo, maana safari yenyewe ilikuwa yake.

Kwa nini Lisbon

Mama ni mwalimu aliyestaafu. Kwa zaidi ya miaka 30 alifundisha historia katika shule ya msingi, na kila mwaka alichora ubaoni ile ramani ya safari ya Vasco da Gama: kutoka Lisbon, kuzunguka kusini mwa Afrika, Mombasa, halafu Malindi mwezi wa nne mwaka 1498. Alikuwa ameichora mara nyingi mno, lakini yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuvuka mipaka ya Afrika Mashariki.

Sisi watoto wake tulijipanga. Kwa miaka miwili, kila mwisho wa mwezi, kila mmoja alitoa fungu lake na kuliweka kwenye akiba ya simu ambayo haitoki kabla ya tarehe iliyowekwa. Si hela nyingi kwa mpigo, ila zilikataa kuguswa.

Na wacha tuseme ukweli, pesa zilianza kuondoka kabla hatujaonja chochote. Viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Lazima pia uwe na bima ya safari inayolipa angalau euro 30,000 ukiugua huko. Ukifika, jiji la Lisbon linatoza kodi ya wageni ya euro 4 kwa kila mtu kwa usiku, kuanzia miaka 13 kwenda juu, hadi usiku saba. Kwa hiyo bajeti ya chakula haikuwa na nafasi ya makosa, na siku ya kwanza tulikuwa tumefanya mawili.

Makosa mawili, meza moja

Kosa la kwanza ni lile la mkate. Wareno wanakiita couvert: vitu vidogo vinavyoletwa mezani kabla ya chakula. Si zawadi. Vina bei, na bei hiyo huandikwa kwenye menyu. Lakini sheria ya Ureno inamlinda mteja: kitu ambacho hukuagiza na hukukigusa hupaswi kutozwa. Unasema tu "não, obrigado" ukiwa mwanamume, "não, obrigada" ukiwa mwanamke, nao wanakiondoa bila kinyongo. Na kukitokea ubishi, kila mkahawa unatakiwa kuwa na kitabu cha malalamiko, nawe una haki ya kukiomba.

Kosa la pili lilikuwa kwenye mashine ya kadi. Ikikuuliza kama utalipa kwa shilingi, inaonekana kama msaada. Kumbe ukikubali, anayebadilisha fedha ni kampuni ya upande wa mashine ile, kwa kiwango chake na faida yake juu. Wakati huo euro moja ilikuwa karibu shilingi 150. Kwa mlo ule tulitozwa kama 162. Malipo yote yaliyofuata, tuliyofanya kwa euro kwa kadi ileile, yalitoka kwenye akaunti kwa karibu 155, makato yakiwemo. Kidole kimoja kilitugharimu takriban shilingi 700. Hela hiyo ingenunua keki za familia nzima, na bado hatujafika kwenye keki.

Tukampa Mama kipochi

Asubuhi ya pili Baba ndiye aliyepata dawa. "Mwalimu," akamwambia Mama, "wewe ndiye umekuwa mweka hazina wa chama miaka yote. Shika hizi."

Tulikuwa tumetoa euro kwenye mashine ya benki, na tukakubaliana: euro 120 kwa siku kwa chakula cha watu sita, zikae kwenye kipochi cha Mama. Zikiisha, zimeisha. Zikibaki, zinaenda kesho.

Ilikuwa kama kumrudishia chaki. Mama alianza kusoma menyu za nje ya milango kama anayesahihisha madaftari. Ndani ya saa moja aligundua kwamba kahawa ya kunywa ukiwa umesimama kaunta mara nyingi ni nafuu kuliko ukiketi nje penye mwavuli. Akagundua kwamba ukitoka barabara kubwa ya watalii ukapanda mitaa miwili tu, bei zinashuka. Na mchana akatupata tasca, yaani hoteli ndogo ya mtaani, ambapo mafundi wa ujenzi walikuwa wanakula. Ukutani kulikuwa na karatasi imeandikwa "prato do dia", chakula cha siku. Euro 10 kwa mtu, supu na kinywaji ndani yake.

Supu ilipokuja Mama akacheka kwa sauti. "Hii si sukuma?" Karibu sawa. Caldo verde ni supu ya viazi iliyojaa majani ya jamii ya sukuma wiki, yamekatwa membamba kabisa kama wanavyokata mama mboga wetu, na kipande cha soseji juu. Alimaliza bakuli lake, akamalizia na la mjukuu wake.

Siku nyingine tulikula bifana, mkate wenye nyama ya nguruwe iliyopikwa kwa kitunguu saumu, na kuku wa piri-piri. Hilo neno ni ndugu wa pilipili yetu. Mmea wenyewe Wareno waliutoa Amerika, jina wakalikuta huku Afrika. Baba alifurahi sana kusikia hivyo, akaomba kuongezewa.

Miguu ni bure

Lisbon ni jiji la vilima, wenyewe wanasema saba. Katikati, mtaa wa Baixa ni tambarare na barabara zake zimenyooka, kwa sababu ulijengwa upya baada ya tetemeko kubwa la ardhi la tarehe 1 Novemba 1755. Tulianzia uwanja wa Praça do Comércio, unaotazama mto Tejo, tukapita chini ya tao, tukafuata Rua Augusta ambayo haina magari, hadi uwanja wa Rossio. Pale mawe madogo meusi na meupe yamepangwa kama mawimbi, na binti yetu alikataa kuondoka mpaka aruke kila wimbi. Hakuna tikiti ya hiyo.

Alfama ni kinyume chake: vichochoro, ngazi, nguo zimeanikwa madirishani. Aliyezoea Mji wa Kale wa Mombasa hatapotea moyo humo, hata akipotea njia. Tulipanda polepole, Baba akipumzika kila kona, hadi kwenye roshani ya Santa Luzia. Mapaa mekundu chini, mto mbele. Huko juu pia hakuna anayekutoza. Vaa tu viatu vyenye soli inayoshika, yale mawe yanateleza hata bila mvua.

Tramu namba 28 inapita mitaa hiyohiyo na kila mgeni anaitaka, wezi wa mifukoni pia. Tuliipanda mara moja, simu zikiwa mifuko ya mbele. Kama simu yako ndiyo benki yako, kuipoteza si kupoteza picha tu. Nunua pia kadi ya usafiri kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi. Kadi tupu ni nusu euro, kila mtu na yake, na nauli yake ni nafuu kuliko kumlipa dereva.

Siku ya Mama

Siku ya tano tulichukua tramu namba 15 kwenda Belém, kwenye monasteri ya Jerónimos, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1501. Hatukulipa kuingia kanisani. Hatua chache kutoka mlangoni, kuna kaburi la mawe: Vasco da Gama, amelala, mikono imekutana kifuani.

Mama alisimama pale muda mrefu. Sisi tulitarajia atoe somo. Alisema tu, "Kwa hiyo ni wewe." Kisha akamshika mjukuu wake mkono na kumweleza kwa sauti ya chini kwamba kuna watu walikuwa Mombasa na Malindi kabla ya huyu kufika, na walikuwa na majumba na biashara zao, kwamba Wareno walijenga Fort Jesus kuanzia mwaka 1593, wakang'olewa mwaka 1698. "Lakini walituachia meza," akaongeza. "Na leso, na bendera. Hayo ni maneno yao."

"Na keki?" mtoto akauliza.

Keki ziko hatua chache tu kutoka hapo. Pastéis de Belém wanazioka tangu mwaka 1837: ganda jembamba linalovunjika, ndani krimu ya mayai ya moto, juu unanyunyiza mdalasini. Moja ilikuwa chini ya euro 2. Kaka akaingiza mkono mfukoni.

"Rudisha," Mama akasema, akafungua kipochi. Kulikuwa na akiba ya siku tatu humo. "Leo nalipa mimi." Akaagiza 12, akala tatu.

Kabla hujasafiri

- Lipa kwa sarafu ya nchi uliyopo. Mashine ikikupa chaguo la shilingi, kataa. Vivyo hivyo kwenye mashine ya kutoa pesa, na chagua mashine ya benki badala ya zile za vichochoro vya watalii.
- Beba laini yako ya Kenya ikiwa hai. Kaka aliitoa akaweka laini ya huko, kisha akashindwa kununua tikiti mtandaoni kwa sababu nambari ya uthibitisho ilitumwa kwenye laini iliyokuwa begini. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla ya kuondoka.
- Weka kwenye kadi pesa za siku chache tu. Ikiibwa, hasara ina mpaka.
- Angalia kikomo chako cha muamala na makato ya malipo ya nje ukiwa bado nyumbani.
- Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa, na usimtajie yeyote, hata anayejiita mhudumu wetu.
- Uliza bei kabla ya kumega. "Quanto custa?" inatosha.

Na kama unamsafirisha mzazi, mpe yeye kipochi. Atakula kwa amani akijua mwenyewe kilichobaki.